Mselem na Fimbo ya Kusemea

Damu ya Bwana Bramwel iliruka mpaka ndani ya sufuria yangu ya pilau.

Sitii chumvi. Nilikuwa nimefunua mfuniko nionje, nikasikia pwaa!, kama nazi iliyoangukia saruji, na matone mekundu yakatua juu ya wali.

Nikainua macho.

Mgeni wetu, mwalimu mzima, kapiga magoti katikati ya ukumbi, mikono kichwani, damu inamchuruzika baina ya vidole. Na mbele yake kasimama Mselem, fimbo mkononi.

Anacheka.

Anacheka, jamani! Anamtazama mtu anayevuja damu kama bwana harusi anavyotazama zawadi.

Wengi mmeshakisikia kisa hiki kikisimuliwa miguu juu, kichwa chini. Mimi nilikuwepo, nilikuwa napika. Naitwa Mahmud. Nimepika kwenye kambi za barabara, melini, machimboni, na popote penye watu wenye njaa. Mwaka huo dunia ilikuwa imenitupa Mbwajumali, kisiwani Pate. Basi nisikilizeni mimi, siyo hao waliosikia kwa jirani wa jirani.

Tuanze na mnyororo.

Mselem ni kijana wa miaka ishirini na kitu, kidevu kimeota ndevu. Alizaliwa na akili yenye mwendo wake. Neno kulitoa kinywani kwake ni kama kuvuta ndoo kwenye kisima kirefu: unangoja, unangoja, unasikia kamba inakwaruza, ndipo maji yanatokea.

Watu hawana subira hiyo. Walikuwa wakimwita zuzu, wakaenda zao ndoo ikiwa bado njiani.

Aliyekuwa akingoja ni babake, Mungu amrehemu. Mzee yule alikuwa bingwa wa kirumbizi, ule mchezo wa fimbo wa harusini na Maulidini: duara la watu, ngoma na zumari vinalia, wanaume wawili katikati, kila mmoja anatafuta kichwa cha mwenziwe. Alimfundisha mwanawe. Maneno hayakumkaa Mselem, lakini fimbo ilimkaa.

Baba akafa. Mselem akabaki na mamake, Bi Hindu.

Sasa, watoto wa mtaani walikuwa na mchezo wao pia. Kumrushia Mselem mawe na kumwimbia.

Alasiri moja kukasikika ukelele. Watu walipofika uani kwa Bi Hindu walimkuta Musab, kitoto cha miaka saba, kichwa kimefunguka, kalala mapajani mwa Mselem. Mselem mwenyewe paji la uso limepasuliwa na jiwe, nguo zote damu. Mchi wa kutwangia umelala kando yake. Watoto wengine walishatoka mbio zamani.

"Ni nani?" watu wakauliza.

Mselem akafungua kinywa. Ndoo ikaanza kupanda.

Bi Hindu akamjibia. Siku zote ndiye aliyekuwa akimjibia.

"Ni yeye," akasema. "Si kwa kusudi. Hana akili, mwamjua."

Musab hakufa. Lakini aliporudi kutoka hospitali hakuwa Musab yule. Mkono mmoja ulilegea, maneno yalimpotea, na mara kwa mara alikuwa akianguka, povu likimtoka.

Na Musab ni mtoto wa nani? Wa Harith. Ndugu wa marehemu. Amu yake Mselem, damu moja. Tena tangu kakake afe, yeye ndiye bingwa wa fimbo kisiwa kizima.

Harith alikuja na mnyororo wa nanga. Kulikuwa na vijana wanaotaka Mselem auawe palepale, kwa hivyo mnyororo ulionekana ni huruma. Akamfunga kifundo cha mguu kwenye boriti ya ua, akatia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni kama hirizi.

Na kila akimwona mwanawe akianguka, Harith hupita pale uani na mkanda wa ngozi. Hupiga mpaka mkono umchoke, kisha huyo, msikitini. Bi Hindu hujiziba masikio kwa leso.

Hivyo hivyo, mwaka ukapita na ushei.

Ndipo wakaja wageni kwa boti kupitia Mokowe, gati ya bara. Mafunzo, wakasema. Uongozi na utetezi, kwa watu wenye ulemavu wa akili na wazazi wao. Mimi nikachukuliwa nipike.

Bramwel alikuwa mtu mnene wa bara, mcheshi, jasho halimkauki. Mwenzake ni Nerea. Huyu Nerea naye alizaliwa na hali kama ya Mselem: kimo kifupi, macho ya kujikunja pembeni, maneno ya polepole. Nami, kwa adabu zangu, nikamuuliza:

"Mwanangu, nawe umekuja kufundishwa?"

Akanitazama juu hadi chini.

"Mzee, mimi... ni mwalimu. Wewe umekuja... kufundishwa kupika?"

Akachovya kijiko kwenye mchuzi wangu, akaramba.

"Chumvi imezidi."

Nikaonja. Ilikuwa imezidi kweli.

Bramwel ndiye aliyebeba mabegi. Nerea ndiye aliyeamrisha.

Alipoambiwa kwamba kuna mmoja hawezi kuhudhuria kwa sababu amefungwa, hakuuliza la pili. Alikwenda mpaka uani kwa Bi Hindu, akaketi mchangani kando ya Mselem, akakunja miguu. Harith akaletwa.

"Wewe mwanamke, ondoka hapo. Huyo atakuua."

"Sitaki."

"N'takutoa kwa nguvu."

"Nitoe. Nitarudi. Mimi... sina haraka."

Harith alizoea watu wanaomwogopa. Huyu hakujua amfanyeje. Wakakaa hivyo mpaka jua likawachoma wote wawili, mwisho akaivua ile kamba ya ufunguo.

"Siku za mafunzo tu," akasema. "Kila jioni arejee hapa tini, mnyororoni. Na Ijumaa baada ya swala nampeleka bara, kwa yule bwana afugao wendawazimu. Mashua nishaiweka tayari. Huko ndiko kwake, maisha."

Yule bwana tulimjua kwa sifa. Waliopelekwa kwake wengine walirudi, wamefungwa sanda.

Kwa hivyo mjue mizani ilivyokaa. Kufika Ijumaa, ama Mselem abaki mtu, ama aende akafie bara.

Haya, turudi kwenye pilau yangu.

Siku ya kwanza viti vilipangwa duara. Bramwel alikuwa na kijiti chake cha kufundishia, cha kuchongwa, lakini kilisahauliwa botini. Akaomba fimbo yoyote. Bi Hindu, kwa ukarimu, akaenda nyumbani akaleta ya marehemu mumewe. Bakora ya kirumbizi, ngumu, imeng'aa kwa mafuta ya viganja.

"Jamani, sheria ni moja tu!" Bramwel akapaza sauti. "Mwenye fimbo ndiye anayesema! Wengine wote kimya mpaka amalize! Haya, makofi ya kilo!"

Makofi yakaanza. Pa-pa-pa! Pa-pa-pa!

Hebu tazameni sasa kwa macho ya Mselem.

Duara la watu. Mdundo. Mwanamume mgeni anarukaruka katikati, anaizungusha fimbo ya baba hewani. Halafu anamjia yeye, anamkabidhi kwa mikono miwili.

"Karibu uwanjani, kaka!"

Kwenye kirumbizi, ukikabidhiwa fimbo mbele ya watu ukaishika, umelikubali pambano. Ukikataa, ni fedheha ya ukoo mzima.

Mselem akaishika. Akainama, akagusa ardhi kwa ncha ya fimbo, salamu kamili kama alivyofunzwa. Bramwel naye, maskini ya Mungu, akaona hiyo ni heshima, akamrudishia. Akainamisha kichwa. Akatanua mikono.

"Karibu! Usiogope!"

Mselem hakuogopa.

Pwaa!

Kilichofuata sipendi kukikumbuka.

"Mumeona?" Harith akanguruma kutoka mlangoni. "Mumeona kwa mato yenu?"

Waliingia yeye na vijana wake. Mselem alikuwa bado anacheka alipopigwa kiti cha kwanza. Alikuwa akingoja watu wamshangilie. Wakamwangusha, wakamkanyaga, mmoja akamvuta mguu wa donda, wa mnyororo, mpaka ngozi ikatoka. Nilisikia mateke yakiingia mbavuni, mlio mzito, kama mtu anayetandika godoro lililoroa.

Nerea akajirusha juu yake. Teke lililomlenga Mselem likamkuta yeye mdomoni. Akatema jino.

"Sijamaliza!" akapiga kelele na kinywa kimejaa damu. "Mafunzo... sijamaliza!"

Bramwel anatambaa, haoni kwa damu. "Mwacheni! Mimi ndiye niliyemkaribisha!"

Mimi? Nilimchapa kijana mmoja shingoni kwa upawa wa moto. Alama anayo mpaka leo.

Bramwel akapakiwa pikipiki mpaka zahanati ya Siyu, akashonwa. Kila mtu alijua hatarudi. Asubuhi tukamwona huyo, kitambaa kichwani kama kilemba cha kadhi, anatweta.

Alinijia jikoni.

"Mzee Mahmud. Nilikosea wapi?"

Nikamweleza habari ya kirumbizi. Duara, mdundo, fimbo, salamu.

"Kwa hivyo nilimwita vitani."

"Ulimwita."

"Halafu nikamwinamishia kichwa."

"Ukamwinamishia."

Akajipapasa kitambaa cha kichwani.

"Na alinipiga vizuri?"

"Vizuri sana, Bwana. Babake angelia kwa furaha."

Alicheka mpaka nyuzi zikaanza kuvuja. Kisha akasema tutaendelea na fimbo ileile, ila yeye atakaa mbali. Harith naye hakuvunja neno lake: mchana Mselem ukumbini, jioni mnyororoni.

Kazi yote akaishika Nerea, pengo mdomoni, mdomo umevimba. Aliwafunza watu wake maneno machache. Taja jina lako. Sema sitaki. Na mtu akikukata kauli, iinue fimbo useme: sijamaliza.

Wazazi aliwapa somo gumu kuliko watoto. Kila mtu ajisemee. Basi.

Bi Hindu alikuwa akianguka somo hilo kila saa.

"Mselem," Nerea anauliza, "unapenda... chakula gani?"

"Apenda samaki wa kupaka," anajibu Bi Hindu.

"Mama. Nimekuuliza wewe?"

"La, lakini mimi ndiye—"

"Basi nyamaza. Mselem?"

Tukangoja. Kamba ikakwaruza. Nje jogoo aliwika, akachoka, akanyamaza.

"Mayai," akasema Mselem.

Bi Hindu domo wazi. Miaka yote hiyo, samaki!

Ukumbi ukacheka, naye akacheka kidogo. Lakini Nerea aliporudia, "Hata ukimpenda, usimsemee," nilimwona Bi Hindu ameangalia chini. Pilau yangu hakuigusa siku zote zile. Nikadhani ni hofu ya Ijumaa.

Ijumaa ikafika, haina huruma.

Baada ya swala watu wakajaa kiwanjani nje ya msikiti. Wanaume mbele, wanawake wamejipanga ukutani upande wa pili. Mzee Jamaludin, mwenyekiti wa baraza, mtu mwema lakini mwoga, akamwachia Harith uwanja.

Nami nisimdhulumu Harith. Alizungumza kama baba.

"Mwanangu alikuwa akihifadhi Juzuu Amma," akasema. "Yeo hajui jina langu. Nampa uji kwa kijiko kama kitoto kichanga. Na huyu juzi kampasua mgeni kitwa mbele yenu. Mwangoja nini? Mpaka aue?"

Hakuna aliyempinga.

Bramwel akasimama na kilemba chake. "Mzee mwenyekiti, naomba Mselem aseme mwenyewe."

Wakaangua kicheko.

"Aseme huyo?" mmoja akadakia. "Basi leteni na daku, maana tutakesha hapa!"

Nerea hakucheka. Akavuka kiwanja mbele ya wanaume wote, akamtia Mselem fimbo ya babake mkononi.

"Mwenye fimbo... anasema."

Harith akaitazama ile fimbo. Nikaona uso wake unabadilika.

"Huku kwetu fimbo si ya kunenea. Fimbo hupigwa. Ameishika mbele ya watu? Amekubali."

Akachukua yake, akaingia katikati.

Bramwel akaruka, vijana wakamkamata mikono. Tukamtazama Mzee Jamaludin, naye akatazama makubadhi yake. Angesema nini? Ada ni ada. Maadamu fimbo i mkononi, hakuna ruhusa ya kumtoa mtu uwanjani, wala kumnyamazisha. Ikianguka, amekwisha. Na Mselem akiisha, anabebwa moja kwa moja mashuani.

Pigo la kwanza likamwingia begani.

Mselem hakulikinga. Yeye, ambaye angeweza kukinga huku amefumba macho! Aliishika fimbo wima mbele ya kifua kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa na Nerea ukumbini.

"Mimi," akasema.

Mbavuni.

"Naitwa..."

Mbavuni tena, palepale palipokanyagwa.

"Mselem."

"Piga nawe!" Harith akafoka. "Piga kama mume!"

"Sitaki."

Fimbo ikampitia sikio, sikio likapasuka. Watoto wakaanza kulia. Mtu mmoja aliyekuwa akipiga makofi akaacha. Hakukuwa na ngoma, hakukuwa na zumari, mlio wa mti kwenye nyama tu.

Harith akalenga mikono sasa, aiangushe ile fimbo. Akapiga vidole. Nilisikia vikivunjika, mlio wa kuni mbichi. Fimbo ikayumba.

"Yaanguka!" mtu akapaza sauti.

Mselem akaihamisha mkono wa kushoto.

"Sijamaliza."

Hapo ndipo Mbwajumali yote iliponyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kijiji kizima kilikuwa kinaingojea ndoo yake.

"Sikumpiga... Musab," akasema. "Nilimbeba."

Harith akasimama, kifua kinapanda na kushuka. "Mwongo! Basi n'nani? N'nani? Nena!"

Akampiga kwenye paji la uso, juu ya kovu lile la jiwe. Uso wote ukawa mwekundu.

Mselem hakuanguka. Aligeuka. Jicho moja lilikuwa limeshajifunga, kwa lile lililobaki akatazama kule ukutani kwa wanawake.

Bi Hindu alikuwa amejisokota leso kinywani. Anaitafuna. Machozi na mate vinamchuruzika.

Sote tuliona alikotazama. Neno moja tu angelitamka, angekuwa huru. Ndoo ilishafika juu, nakuapieni, niliyaona maji.

Akairudisha chini.

"Aliyempiga," akasema polepole, "ajisemee."

Kisha akatembea, anaburura ule mguu wa mnyororo, damu inadondoka mchangani, mpaka mbele ya mamake. Akainyoosha fimbo.

Mwanamke hashiki fimbo ya kirumbizi. Haijapata kuonekana.

Bi Hindu akatoa leso kinywani. Akaishika.

"Ni mimi," akasema.

Harith akamgeukia.

"Ni mimi, Harith. Walikuwa wakimpiga mawe mwanangu, damu yamtoka. Nikatoka na mchi. Nililenga mguu wa Musab, naye akainama kuokota jiwe jingine. Mchi ukampata kitwani. Mselem ndiye aliyekimbia kumwinua."

"Ukasema ni yeye!" Harith sauti imemkatika.

"Nikasema ni yeye. Nilimwambia Mngu moyoni: huyu kalamu imeondolewa kwake. Asiye na akili malaika hamwandikii dhambi, serikali haimwandikii kesi. Mimi nikifungwa, atalelewa na nani? Nikamtwika yeye, nikijua kwake mzigo hauna uzito." Akameza mate. "Uzito wake nimeuona. Kila siku, uani kwangu. Nikiziba masikio."

Harith akatoa sauti ambayo sijaisikia kwa mtu. Akainua fimbo juu ya kichwa cha Bi Hindu, mikono miwili, pigo la kuua. Bi Hindu hakurudi nyuma.

Mselem akaingiza mkono katikati.

Mkono ukapinda mahali pasipo na kiungo. Akaanguka miguuni pa mamake, lakini akaendelea kumtazama amu yake kwa lile jicho moja.

"Amu," akasema. "Sitaki."

Fimbo ya Harith ikamtoka mkononi.

Bingwa yule hakuwahi kuangusha fimbo maisha yake. Ililala mchangani na hakuna aliyethubutu kuiokota. Akasimama pale akiitazama mikono yake, ile iliyokuwa ikipiga mwaka mzima mtu asiye na kosa. Kisha akaukata ule ufunguo shingoni, akamrushia Bi Hindu usoni.

"Jifunge mwenyewe."

Naye akajifunga.

Mselem alipelekwa hospitali Lamu. Bi Hindu akarudi nyumbani, akautia mguu wake kwenye mnyororo, akafunga kufuli, ufunguo akautupa mbali asikoweza kuufikia. Wanawake wakamsihi. Hataki. Mimi nilimpelekea uji, nikamkuta ameegemea boriti ileile, chuma kimeshaanza kumla kifundo.

Mselem aliporudi, plasta mpaka begani, vidole vimefungwa vijiti, alisimama mlangoni muda mrefu. Akauona mnyororo. Akauokota ufunguo mchangani kwa mkono wa kushoto, akapiga magoti, akaanza kuhangaika na kufuli. Ufunguo unateleza. Anaokota. Unateleza.

Jirani akakimbilia kumsaidia.

"Mwache," akasema Nerea, aliyemsindikiza kutoka Lamu. "Hajamaliza."

Kufuli likafunguka. Mselem akaukusanya mnyororo wote, akautia kisimani. Kisha akamwambia mamake: "Nataka mayai."

Bi Hindu akaenda kumkaangia, analia hadi kwenye kikaango.

Baadaye alikwenda kituo cha polisi kwa miguu yake, akaandikisha maelezo mwenyewe. Kesi ilikwenda kortini, ikarudi kwa wazee, ikaenda tena. Hata leo haijaisha, na Harith hajampa mkono. Sitawadanganya kwamba walikumbatiana.

Ila niwape hili, kisha niende zangu.

Wale wageni walirudi Mbwajumali kwa mafunzo mengine, nami nikapika tena, chumvi safari hii ya kupimwa. Viti vikapangwa duara. Bramwel akaingia amevaa kofia ya pikipiki, akaivaa siku nzima, watu hoi kwa kicheko. Aliyesimama katikati na fimbo hakuwa yeye. Alikuwa Mselem, mwenyekiti wa kikundi chao, waliyemchagua wenyewe, mkono mmoja umepona vibaya.

Mlangoni kukaingia kivuli.

Harith. Amemshika Musab mkono.

Vidole vya Bi Hindu vikashika kiti. Mselem akavuka duara akamwinamia yule mtoto, na kwa mkono ule uliovunjwa na Harith, akamkabidhi fimbo.

"Jina lako nani?" akamuuliza.

"Aitwa Musab," akajibu Harith. "Lakini hawezi kunena, yeye—"

"Baba," Nerea akamkata, pengo lake linaonekana. "Amekuuliza wewe?"

Harith akafunga mdomo. Yule Harith! Akakaa chini kama mwanafunzi.

Musab akaishika fimbo kwa mkono wake mzima. Midomo ikaanza kuchezacheza. Hakuna neno. Pilau ilikuwa inaungua, niliinusa, sikwenda.

Tukangoja.

Na mimi, niliyezunguka nchi nyingi, niliondoka pale na funzo moja ambalo shule zangu za vipandevipande hazikunipa. Mama yule hakuanza na uongo. Alianza na samaki wa kupaka. Ukizoea kumsemea mtu kwa mapenzi, iko siku utamsemea uongo, na yeye ndiye atakayefungwa mnyororo kwa uongo huo.